Suruali ya Wilf kwenye Kamba ya Mjane

Katika mtaa wa Garibaldi nguo za ndani huitwa "vidogo". Huitwa hivyo hata zikiwa za Bi. Florrie Entwistle, ambaye akiketi kanisani benchi zima hulalamika. Vidogo havitajwi mbele ya mchungaji, havipigwi pasi mbele ya mgeni, na siku ya kufua vina mahali pake. Mashuka huanikwa kwenye kamba ya mbele, ile inayovuka kichochoro cha kati ya nyumba, watu wayaone na kuyasifu. Vidogo hukaa kamba ya nyuma, ndani ya ua, vimejificha. Mwanamke wa Lancashire, huko Uingereza kwenye viwanda vya pamba, anayeanika suruali ya ndani ya mwanamume kamba ya mbele ama ana homa, ama ana jambo analotaka kulitangaza.

Kwa hiyo Jumatatu ile Olive Haslam alipotoka uani kwake na kapu la nguo kiunoni, akatazama ng'ambo ya kichochoro na kuona suruali ndefu ya ndani, ya sufu, ya mwanamume, imebanwa kamba ya mbele ya Zillah Kershaw, alisimama. Zillah alikuwa mjane. Mumewe alizikwa mwaka wa jana, na nguo zake zote zilikwenda kwenye mnada wa kanisa, maana Olive mwenyewe ndiye aliyezikunja. Sasa hii ni ya nani?

Upepo ukaigeuza suruali. Makalioni palikuwa na kiraka cha flana ya mistari ya waridi, na kiraka kimeshonwa kwa mshono wa kupishanapishana ambao mama yake Olive alimfundisha akiwa mtoto. Flana ile ilikuwa gauni la kulalia la binti yake kabla hajaolewa. Suruali ile ilikuwa ya Wilf, mume wa Olive.

Olive akaweka kapu chini, juu ya tope, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake.

Alijua ilipaswa kuwa wapi. Suruali ya Wilf ikishachakaa kupita kushonwa, Olive huikunja na kumpa aende nayo kiwandani, achanechane matambara ya kufutia mafuta. Wilf alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia. Wanawake wanafuma, mtambo ukikwama wanainua mkono, fundi anakuja na spana yake. Mfumaji hulipwa kwa kitambaa alichofuma, hivyo mtambo ukisimama na mshahara unasimama. Fundi akimpendelea mwanamke, humwendea yeye kwanza, wengine wangoje.

Olive alilijua hili kuliko mtu yeyote, kwa sababu hivyo ndivyo alivyompata Wilf. Enzi hizo alikuwa msichana wa nywele nyekundu, mwenye mitambo minne mwisho wa safu. Akiinua mkono, Wilf alikuwa anaruka watu kumfikia. Wenzake walinuna, na yeye akawa anafungua nati za mtambo makusudi ili ukwame. Baadaye kifua kikaharibika kwa vumbi la pamba, daktari akamtoa kiwandani, akabaki nyumbani na birika na paka. Na sasa nani alikuwa na mitambo minne mwisho wa safu ile ile, chini ya Wilf? Zillah Kershaw, ambaye kiuno bado anacho.

Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Olive hakukonda, kwa kuwa alikuwa mlaji mzuri wa viazi, lakini wiki ile alikula bila kujua anakula nini.

Alimwendea Florrie, shoga yake. Hao wawili walikuwa chanda na pete. Florrie aliishi ukuta kwa ukuta na Zillah, na kama kulikuwa na la kujulikana, Florrie angelijua.

"Shoga, sikutaka kukwambia," alisema Florrie, akimmiminia chai. Maneno haya aliyapenda sana. "Mume wangu Clifford ndiye aliyeniambia. Jumatano jioni, sisi tukiwa kwaya, kuna mtu anapita mlango wa nyuma kwa yule bibie."

"Mtu gani?"

"Clifford anasema amemwona Wilf. Na kisanduku chake cha zana."

"Na kisanduku?"

"Ndiyo hapo ujiulize, mpenzi. Anakwenda kukaza nini?"

Olive alicheka kwa sauti ambayo si yake. Chai ikampoa mkononi. Akawaza zile Jumatano zote alizosimama kwenye safu ya sauti ya pili akimwimbia Mungu, na Mungu amenyamaza tu wala hamwambii.

"Mwanamume ni mwanamume," akaendelea Florrie. "Namshukuru Clifford wangu na mgongo wake mbovu. Hawezi hata kufika dukani."

Alhamisi Olive alimpelekea Wilf chakula kiwandani. Kwa kawaida Wilf hubeba bakuli lake asubuhi, limefungwa kwa leso nyekundu, lakini siku hiyo Olive "alisahau" kumpa. Akafika getini wakati wa mapumziko, akachungulia uani.

Wilf alikuwa amesimama mbali, kando ya lundo la makaa ya mawe, na Zillah mbele yake. Umbali ule hakuna sauti inayofika. Lakini Olive alizaliwa na mfumaji na amekuwa mfumaji. Ndani ya kiwanda mitambo inanguruma hata radi haisikiki, na wanawake huzungumza kwa midomo tu, bila sauti, wakiikunja na kuipanua wazi ili mwenzao aliye mbali asome. Mafundi nao hujifunza. Olive angeweza kusoma uzushi kutoka upande wa pili wa uwanja wa mpira.

Akamsoma mumewe. "Usimwambie Olive," midomo ya Wilf ilisema. "Chochote kitakachotokea, usimwambie Olive."

Zillah akatikisa kichwa kukubali, akagusa mkono wa shati la Wilf.

Mkono ule! Olive alikabidhi bakuli kwa mlinzi, akashika njia ya nyumbani. Njiani alimtukana Zillah, akamtukana Wilf, akaitukana suruali. Kisha akalia kidogo nyuma ya duka la samaki, akafuta uso, akaingia ndani kununua samaki kwa sababu watu walikuwa wamemwona.

Jioni ile alimtazama Wilf akila. Mtu mfupi, mwenye masikio makubwa, anayefuga njiwa na kuzungumza nao kwa upole kuliko anavyozungumza na binadamu. Tangu lini mtu kama huyu akawa wa kugombewa? Lakini ndivyo wivu ulivyo. Kitu ulichokuwa unakiona kila siku kama kiti cha jikoni, mtu mwingine akikikalia tu, kinageuka kiti cha enzi. Olive alimwona Wilf mzuri jioni ile, na hilo lilimuuma zaidi.

"Mbona unaniangalia hivyo, Olive wetu?" aliuliza Wilf.

"Chakula kina chumvi?"

"Kizuri tu."

"Basi kula."

Jumatatu iliyofuata ilikuja na upepo wa maana, siku ambayo kila mwanamke huisubiri. Mwaka ule oda za vitambaa zilikuwa chache na kiwanda kilikuwa kinafungwa kila Jumatatu, hivyo wafumaji wote walikuwa nyumbani, mapipa yanatoa mvuke, kichochoro kizima kinanuka sabuni na buluu ya kung'arishia nguo. Kamba za kila nyumba zilivuka kichochoro toka ukuta huu hadi ule, zimeinuliwa juu kwa miti mirefu ili nguo ziruke mbali na matope na masizi. Wilf alikuwa kwa njiwa wake, mwisho wa mtaa.

Na suruali ilikuwa pale pale. Kamba ya mbele. Miguu imejaa upepo, inarusha mateke kuelekea kwa Zillah. Nyuma yake mashuka ya Zillah, meupe kuliko ya Olive. Na hili nalo, kama mnataka kujua ukweli, lilikuwa limechangia.

Olive alivuka kichochoro, akashika mti wa kuinulia kamba ya Zillah, akauvuta.

Huwezi kumfanyia mwanamke wa Garibaldi jambo baya kuliko hilo. Bora umchome mkasi. Kamba ilishuka, mashuka yakalala juu ya matope meusi, kazi ya tangu alfajiri ikaishia pale. Milango ya nyuma ikafunguka upande wote wa kina Zillah. Wanawake wakajipanga, mikono imekunjwa juu ya aproni. Florrie akatoka wa kwanza, akasimama getini kwake, nyuma ya Zillah, macho yanang'aa.

"Haya, jibu hapo!" Olive alipiga kelele. "Nguo ya mume wangu imefuata nini kwako? Imekuja yenyewe kwa miguu?"

Zillah alitazama mashuka yake.

"Mwambie, shoga, mwambie!" Florrie alihimiza toka nyuma. "Mtu anaanika kamba ya mbele, hana hata haya!"

"Kiraka kile ni flana ya mwanangu," Olive alisema, na sasa sauti ilianza kumvunjika, jambo alilolichukia. "Nilishona kwa mkono wangu, taa inazimika. Umekosa nguo zote duniani, unaanika kiraka changu?"

Zillah aliinama, akaokota ncha mbili za shuka lililochafuka, akasimama nalo akimtazama Olive.

Sasa sikilizeni jinsi mikono ilivyo na akili yake. Shuka la kitandani halikunjwi na mtu mmoja. Toka utotoni mwanamke wa pale akiona mwenzake ameshika ncha mbili, hata awe adui yake, hushika mbili zilizobaki. Olive alijikuta ameinama na kuzishika. Akajilaumu hapo hapo, lakini tayari walikuwa wamelivuta shuka likakaza kati yao. Wakalikunja mara ya kwanza. Wakaja mbele kukutanisha ncha, kama inavyofanywa, na walipokutana, shuka limeinuliwa hadi machoni na nyuso zao ziko karibu nyuma yake, midomo ya Zillah ikaanza kusema bila sauti.

"Ni Clifford."

Olive akakaza ncha za shuka.

"Jumatano, Florrie akienda kwaya. Anakuja mlango wa nyuma, amelewa. Anasukuma. Mara moja alivunja komeo. Wilf ndiye aliyenifungia jipya."

"Mgongo wake..." midomo ya Olive ilijibu.

"Mgongo haumuumi akitaka."

Wakarudi nyuma hatua, wakavuta shuka, wakaja mbele tena.

"Nilimwomba Wilf kitu cha kiume cha kuanika pale pa kuonekana, Clifford aone kuna mtu ndani. Akatoa tambara lake la mafuta. Nguo ya kuazima haisitiri matako, Olive, lakini hii imenisitiri mlango."

"Kwa nini nisiambiwe?"

"Wewe na Florrie mnalala mkiambiana. Na yeye hana mwingine zaidi ya huyo mpumbavu. Sikutaka ndoa yao ivunjike mikononi mwangu."

"Mnanong'ona nini huko?" Florrie alipaza sauti. "Semeni kwa sauti wote tusikie! Anakiri?"

Kichochoro kizima kilingoja. Olive alishika shuka kifuani. Haki ya Mungu, hakutaka kuamini. Alikuwa amebeba hasira yake wiki nzima, ameilea na kuilisha, na sasa anaambiwa aiweke chini mbele za watu kama kapu tupu. Sehemu yake moja ilitaka kupiga kelele: ni mume wako, Florrie, si wangu! Raha iliyoje. Akamtazama Florrie pale getini, mwanamke mnene aliyekaa naye alipojifungua, aliyempikia supu alipotolewa kiwandani akikohoa damu. Juu ya kichwa cha Florrie, dirishani, pazia lilitikisika kidogo.

"Nilimpa mwenyewe," Olive alisema.

"Nini?"

"Suruali. Nilimpa mwenyewe, asugulie ngazi. Nimesahau."

Kisha mtu akacheka, wa pili akadakia, na kicheko kikapita kichochoro kizima ukuta hadi ukuta.

"Amesahau! Kaangusha kamba ya mtu kwa suruali aliyompa mwenyewe!"

"Olive, Jumatatu ijayo usisahau umempa na Wilf!"

Uso wa Olive uliwaka moto. Florrie peke yake hakucheka.

"Lakini Clifford alimwona Wilf, Jumatano, na kisanduku..."

"Alimwona. Alikuwa anafunga komeo la huyu bibie." Olive aliinua uso, akazungumza na dirisha, kwa sauti iliyozoea kushindana na mitambo. "Na mwambie Clifford, shoga, Jumatano hii Wilf atakuwa hapa tena. Mimi nitakuwa naye. Siimbi wiki hii, koo linaniwasha. Nitakaa jikoni kwa Zillah na nyundo, nimshikie mume wangu misumari."

Pazia likatulia kabisa.

Mashuka yalirudiwa kufuliwa. Olive aliyafua mwenyewe, katika pipa lake, kwa buluu yake, na Zillah akazungusha mkono wa mtambo wa kukamulia. Hawakuzungumza, kwa midomo wala kwa sauti, isipokuwa Zillah aliposema buluu imezidi, na Olive akamjibu kwamba haijazidi.

Mchana Wilf alirudi, ananuka njiwa. Mezani palikuwa na nyama baridi ya jana, viazi, na kabichi ya siki. Habari zilikuwa zimeshamfikia njiani.

"Olive wetu," alianza.

"Nyamaza. Nauliza, wewe ujibu. Zillah akiinua mkono kiwandani, unamwendea kwanza?"

Wilf alifikiri. Ubaya wake ni kwamba hakujua kudanganya. "Mara nyingine. Ana mitambo yako ya zamani. Imechoka, inakwama sana."

"Ilikuwa inakwama kwa sababu nilikuwa naifungua!"

Wilf akaweka uma chini. Masikio yalianza kuwa mekundu, kisha uso, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Miaka yote hii najilaumu sikuwa naifunga vizuri."

Olive hakucheka. Alitaka, lakini hakucheka. "Kuanzia kesho unakwenda kwa zamu," alisema. "Anayeinua mkono kwanza, anahudumiwa kwanza."

"Ndiyo, mama."

"Na suruali yako ukimpa mtu mwingine bila kuniambia, utakwenda kazini bila."

Jumatano Olive alikaa jikoni kwa Zillah na nyundo mapajani. Hakuna aliyegonga. Florrie aliimba kwaya peke yake, akarudi, na kesho yake alimletea Olive kipande cha keki ya tangawizi, hakusema kitu, Olive naye hakuuliza. Kama Florrie alikuwa anajua, alijua kwa namna ya watu wanaotaka kubaki na nyumba zao.

Jumatatu ikafika tena. Asubuhi Zillah alikuwa anaitumbukiza ile suruali ya kiraka ndani ya pipa lake, Olive alipoingia uani bila kubisha. Mkononi alikuwa na suruali nyingine ya Wilf, nzima, nzito, ya sufu ya mwaka huu, imekwisha fuliwa na kukamuliwa.

"Hiyo nipe," Olive alisema, akaichomoa ile ya zamani majini. "Ni tambara, Clifford atajua ni tambara. Anika hii."

Zillah aliipokea. "Olive, asante. Nitaifua kila wiki, nitaitunza..."

"Hufui."

"Vipi?"

"Utaanika. Kufua nafua mimi. Kila Jumatatu nitakuletea imefuliwa, jioni nitaichukua. Sitaki mikono ya mwanamke mwingine ndani ya maji na suruali ya mume wangu."

Zillah alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. "Sawa, Bi. Haslam," alijibu kwa heshima, mdomo unamtetemeka kwa kicheko, akatoka nayo kichochoroni, akaibana kamba ya mbele, karibu na geti lake.

Olive alirudi kwake, akaanza kuanika ya kwake. Upepo ulipanda. Kila alipogeuka aliiona suruali ya Wilf imejaa, inapiga hatua mlangoni kwa mjane mbele ya mtaa mzima. Alijua hakuna kitu. Alijua yote, kuliko mtu yeyote kichochoroni. Akavumilia shuka la kwanza, akavumilia la pili. Kisha akaweka vibanio mdomoni, akavuka, akaibandua ile suruali, akaisogeza mwisho kabisa wa kamba, upande uliofungwa kwenye ukuta wake mwenyewe, akaibana hapo kwa vibanio vinne.